Pampu Inayozunguka Kinyume

Jioni ile nilishuka kijitoni kutoa majani kwenye wavu. Ilikuwa kazi yangu ya kila siku kabla giza halijaingia. Majani yakijaa kwenye wavu, maji hayaingii bombani. Maji yasipoingia bombani, taa za nyumbani zinafifia. Taa zikififia, mashine ya dawa ya mwanangu Sephora haifanyi kazi, na Sephora akishikwa bila mashine yake... acha tu.

Nilivua kandambili, nikaingia majini mpaka magotini, nikapeleka mkono kwenye wavu.

Ulikuwa safi.

Hakuna hata jani moja. Nilidhani mume wangu Lambert amenitangulia, kisha nikajicheka mwenyewe. Lambert ni mtu wa kuvua viatu katikati ya mlango na kuviacha hapo mpaka mtu ajikwae. Si mtu wa kumfanyia mke wake kazi kimyakimya. Ndipo nikaliona bomba. Juu ya plastiki yake nyeusi palikuwa na alama ya kiganja, ya tope jekundu, bado mbichi. Tope la kijito chetu ni jeusi.

Niliinama nilisugue. Sikio langu likawa karibu na bomba, nikasikia ndani yake kitu kama mtu anayevuta pumzi... anaishikilia... anaiachia.

Ni hewa, nilijiambia. Lambert alikwisha nieleza kwamba hewa ikiingia bombani hupiga kelele za kila namna. Niliokota kandambili zangu na kupanda nyumbani bila hata kuzivaa.

Nyumba yetu iko pembezoni mwa Likasi, pale mtaa unapoisha na bustani za kabichi zinapoanza. Nyaya kubwa zitokazo bwawa la umeme la Koni zinapita juu ya bonde letu, na siku za mvua tunazisikia zikivuma, lakini tangu kabine ya umeme ya mtaa wetu ilipoungua hakuna hata uzi mmoja unaoshuka kwetu. Majirani walizoea giza. Sisi hatukuweza kulizoea kwa sababu ya Sephora. Mtoto ana pumu, tena si ya kukohoakohoa na kunywa chai ya tangawizi. Ni ile inayomgeuza midomo kuwa ya kijivu huku anakutazama machoni. Daktari alitupatia mashine ndogo inayogeuza dawa kuwa mvuke ili avute. Mashine nzuri sana. Inataka umeme.

Lambert kazi yake ni kusuka upya mota zilizoungua. Aliirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi migodini. Alipokitazama kile kijito nyuma ya nyumba, yeye aliona umeme pale mimi nilipoona mahali pa kufulia. Mashine za dukani hatukuziweza, lakini mafundi wa hapa wana njia yao. Unachukua pampu ya maji pamoja na mota yake. Badala ya kuipa umeme ili isukume maji, unaipa maji yanayoshuka kwa nguvu. Yanaizungusha kinyume, nayo inakutolea umeme.

Pampu aliipata kwa watu wa mitraille, ndio wale wauza vyuma chakavu. Ilikuwa imejaa tope jekundu mpaka ndani ya matumbo yake. Hakuuliza ilikotoka. Likasi ukianza kuuliza kila chuma kimetoka wapi, hutapata hata sufuria ya kupikia.

Siku ya kuiwasha ilikataa. Maji yalishuka, pampu ilizunguka, balbu ikabaki nyeusi.

"Chuma inakumbukaka," Lambert alinieleza, akipangusa mikono. "Mota yenye ilisha kufanya kazi, inabakia na kumbukumbu kiloko, kidogo tu, mu chuma yake. Njo ile inaanzisha courant, umeme. Hii imesahau. Inaomba tuiamushe na batri."

Betri tuliyoazima ilikuwa imekufa. Na hapo alikuwapo mama yake, mama Mbombo, ambaye katika nyumba yake haipikiwi sufuria mpya kabla haijapakwa mafuta ya maombi. Alikuwa amekuja kuiweka mashine wakfu, kama alivyoiweka wakfu baiskeli ya Lambert, kitanda chetu na hata ndoo zangu. Aliipaka pampu mafuta, akampaka Sephora kwenye paji la uso, akamsogeza karibu na mota.

"Pulizia, mwana," alimwambia. "Mungu alipulizia udongo, ikakuwa muntu. Na weye pulizia."

Nilisema mtoto mwenye pumu hapulizishwi vyuma. Lakini mbele ya mama mkwe, mke wa mtu husikilizwa kama redio ya jirani. Sephora aliinama, akatia mdomo kwenye tundu la mota, akapuliza pumzi yake yote, ile pumzi ndogo iliyokuwa ikitutoa jasho usiku na mchana.

Balbu ikawaka.

Mama Mbombo aliimba. Lambert alicheka, akasema ni mtikisiko tu uliokikumbusha chuma. Mimi nilitazama taa na kulia kwa furaha, maana sikuwa na jambo jingine duniani nililolitaka zaidi ya mtoto huyu aendelee kupumua. Na tangu siku ile pumu ilianza kumwachia. Alicheza, akakimbia, akarudi shuleni.

Basi, nirudi kwenye jioni ile ya wavu.

Majirani walikuwa na desturi ya kuleta simu zao kuchaji kwetu. Lambert alipigilia ubao wenye soketi ukutani, nje kidogo ya mlango, na kuweka stuli ya mtu kukalia akisubiri. Nilipofika juu, majirani walikuwa wamekwisha ondoka.

Kwenye stuli alikuwa amekaa mtu.

Mwanamume, kijana bado. Kichwani alifunga taa ya wachimbaji ambayo haikuwaka. Nguo zake zilikuwa zimelowa chapachapa, na siku ile haikuwa imenyesha popote. Harufu yake ilinifikia kabla ya sauti yake: mawe yaliyopondwa, na maji yaliyolala mahali pasipo jua.

"Jambo yenu, mama," alinong'ona.

"Jambo, baba. Unakuya kuchaji?"

"Kiloko tu."

"Busiku inaingia. Uache téléphone, utakuya kuikamata kesho."

"Nitangoya hapa. Nilisha kuzoea kungoya."

Alininyoshea simu ya vitufe, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kama wachimbaji wanavyofanya ili isilowe. Nilipofungua fundo, maji yalimwagika mkononi mwangu, baridi mpaka mfupani. Sikutaka kuichomeka. Mkono wangu uliichomeka. Simu iliyojaa maji ikawaka kioo chake.

Na balbu juu ya mlango ikaanza kushuka... kupanda... kushuka...

"Weye unatoka wapi?" nilimwuliza.

"Ku shimo. Jina yangu Alphonse." Hakuinua uso. "Ile pompe, mama, ilikuwa ya kwetu. Ilikuwa inatoa mayi mu shimo, sisi tunachimba."

"Bwana yangu aliipata ku batu ba mitraille. Haikuwa ya kwiba."

"Najua. Siyo juu ya ile njo nakuya." Tone la maji lilidondoka kutoka kidevuni mwake. "Siku moja ilinyamaza. Tulikuwa kule chini. Muntu anasikia kwanza ile kimya. Mayi anaisikia nyuma ya ile."

Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Sasa inazunguka kinyume," alinong'ona. "Yenye ilikuwa inatoa, sasa inarudisha. Tulikuwa tunalala, mama. Mutoto wenu alitupatia pumuzi."

"Mutoto wangu hakukupatia kitu."

"Usiizimishe. Kwa Mungu, usiizimishe. Yeye na sisi, tuko mu pumuzi moya."

Niligeuka kutazama chumbani. Sephora alikuwa amelala chali juu ya kitanda. Kifua chake kilipanda balbu ilipopanda. Kilishuka balbu iliposhuka. Nilipogeuka tena, stuli ilikuwa tupu, maji mekundu yakitiririka kwenye miguu yake mpaka mchangani. Soketi ilikuwa tupu pia.

Lambert aliporudi nilimweleza yote. Alisema huyo ni mlevi aliyeanguka mtoni. Lakini kesho yake alikwenda kwa watu wa mitraille, na Lambert aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Alikaa karibu nami, akazungumza chini chini ili mtoto asisikie.

"Ilitoka upande wa Shinkolobwe, mu mashimo ya kufichama. Pompe ilizimika, batu biko chini. Nyuma ya ile, bakubwa benye shimo balirudi." Alichungulia mtoto alipo. "Balitoa pompe, mama Sephora. Batu balibakia."

Alisimama, akatoka nje, akashuka kijitoni. Nilijua anakwenda kufunga maji. Sikumzuia. Nani angetaka kitu kile kiendelee kuzunguka nyuma ya nyumba yake?

Taa zilizimika.

Sephora alikuwa mezani anakula bukari, ule ugali wetu, na mboga. Mkono ulisimama kabla haujafika mdomoni. Hakukohoa. Hakukakamaa. Aliacha tu kupumua, macho wazi, kama mtu aliyeambiwa asimame hapo hapo. Nilimtikisa. Nilimpulizia mdomoni, na pumzi yangu ilirudi kwangu kama ninapuliza ukuta. Nilitoka nje nikapiga yowe ambalo bonde zima lililisikia.

Lambert alifungua maji. Balbu ikawaka. Mtoto akapeleka tonge mdomoni, akatafuna, akauliza kwa nini ninalia.

Lambert ni fundi, na fundi haamini mpaka ajaribu tena. Alijaribu tena. Baada ya hapo hakugusa tena vali ya kufungia maji, na mota za watu zilibaki bila kusukwa.

Tulimpeleka kwa daktari. Alisikiliza kifua akasema mapafu ni safi, hajaona mtoto wa pumu aliyepona vizuri namna ile, tumshukuru Mungu. Tulimwita mama Mbombo. Alikuja na chupa yake ya mafuta, akaweka mikono juu ya kichwa cha mjukuu wake, akaanza kuomba kwa sauti. Katikati ya maombi alinyamaza. Alisogeza sikio mpaka kwenye midomo ya mtoto, akasikiliza sana. Kisha alifunga chupa yake.

"Biko wengi," alinong'ona. "Miye sijue nitafukuza nani, nitabakisha nani."

Hajarudi nyumbani kwetu tangu siku ile. Simlaumu. Ningekuwa na mahali pa kwenda na mtoto wangu, nami ningeondoka.

Halafu mvua zikaisha.

Kila mwaka kijito chetu hupungua kiangazi kikianza. Zamani nilikuwa nikifurahi, kwa sababu ya kuvuka bila kulowa. Mwaka huu niliangalia mawe yakitokeza mgongo mmoja baada ya mwingine, nikahisi kama mtu anayetazama damu ikitoka. Lambert alichimba kibwawa, akakichimba tena. Mimi nilikwenda juu kwa wenye bustani za kabichi, nikawapigia magoti watupatie maji. Walitupatia siku chache. Kisha kabichi zilianza kukauka, na wao pia wana watoto wa kulisha. Ningewaambia nini? Kwamba wakimwagilia, binti yangu hapumui? Niliwaambia. Walinitazama kwa huruma, ile huruma ya kumtazama mwanamke aliyechanganyikiwa.

Balbu ilikuwa ya njano. Ikawa nyekundu kama kaa la asubuhi kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Sephora aliacha kucheza, akaacha kukaa, akalala tu. Kati ya pumzi moja na nyingine ningeweza kusema Baba Yetu nusu nzima.

Ndipo Lambert alipong'oa gurudumu la nyuma la baiskeli yake, akaifunga kwenye chuma, akapitisha mkanda mpaka kwenye pampu. Ukikanyaga pedali kwa nguvu, pampu inazunguka. Ukipunguza, balbu inapungua, na wewe unajua nani anapungua pamoja nayo. Tulikanyaga kwa zamu, yeye na mimi. Tulikula juu ya baiskeli. Tulisinzia juu ya baiskeli tukaamshwa na giza. Majirani waliacha kuleta simu. Walipita mbali.

Mvua ya kwanza ilikuwa bado mbali sana, na sote wawili tulijua.

Jioni moja Lambert alishuka kwenye kiti, akajaribu kutembea kuelekea mlangoni, akaanguka kando ya ukuta. Alilala pale alipoangukia. Mimi nilipanda. Jua lilikuwa limeingia nyuma ya milima ya takataka za mgodi, na bonde lilijaa moshi wa watu wanaopika chakula chao kwa amani.

Harufu ilikuja kwanza.

Mawe yaliyopondwa. Maji yaliyolala.

Kisha matone. Tap... tap... tap... Kila upande wa ua.

Walikuwa wameketi chini kunizunguka, wengi, magoti yamekunjwa, kila mmoja na mfuko wake wa plastiki mkononi. Hakuna aliyeninyoshea simu. Walitazama miguu yangu ikizunguka. Alphonse alisimama karibu na usukani.

"Mama, umechoka."

Nilikanyaga. Pumzi niliyokuwa nayo niliihitaji.

"Shuka. Sisi tulizoea kazi ya équipe. Moya anashuka, mwingine anapanda. Tutaendesha."

"Na mutoto?"

"Atapumua."

"Atapumua pumuzi ya nani?"

Aliinamisha kichwa kama kijana aliyelelewa vizuri asiyependa kumjibu vibaya mama wa mtu. Wengine nao waliinamisha vichwa.

"Alphonse," nilimnong'oneza, na sasa nilikuwa nalia, "weye pia uko na mama. Mumuache. Mumuache tu huyu."

"Niko na mama," alisema. "Anangoyaka mpaka leo. Hakuna muntu alimuambia kitu."

Sikushuka. Nataka ieleweke hivyo, kwa sababu Lambert akiamka usiku huniuliza, na huwa namjibu vilevile. Sikushuka kwa hiari yangu. Niliendelea kukanyaga mpaka mguu wa kulia ukakaza wote, kuanzia kisigino mpaka kiunoni, kisha wa kushoto, na nikaanguka ubavu kwenye udongo uliolowa. Nilitambaa kurudi kwenye pedali ili nizisukume hata kwa mikono.

Zilikuwa zinazunguka.

Hakuna aliyekaa juu ya kiti. Maji mekundu yalidondoka kutoka kwenye kiti, na pedali zilizunguka taratibu, bila haraka, kwa mwendo wa mtu anayejua kazi itakuwa ndefu. Balbu ikapanda. Ikawa njano, ikawa nyeupe, nyeupe kuliko ilivyowahi kuwa hata siku za mvua.

Chumbani Sephora alivuta pumzi. Ndefu. Nzito.

Ilikuwa pumzi ya mwanamume mtu mzima.

Sasa kijito kimekauka kabisa. Kibwawa cha Lambert kimepasuka nyufa, na bomba limejaa mijusi. Taa zetu hazizimiki. Baiskeli inazunguka huko nyuma ya nyumba na hatuendi kuitazama. Sephora ameamka, anakula, amenenepa kidogo, ananiita mama. Walimu wanasema anafanya vizuri. Lambert anasema tushukuru tulichobakishiwa, kisha anageukia ukutani na kujifunika shuka mpaka kichwani.

Lakini mimi ndiye niliyemzaa. Pumzi yake naijua tangu siku ya kwanza, nimekesha nikiisikiliza kuliko nilivyowahi kusikiliza mahubiri yoyote. Kila jioni akilala naketi kando ya kitanda chake. Inakuja moja ya mtu aliyemeza vumbi miaka mingi, inakwaruza. Anamaliza, ananyamaza, anampisha mwenzake. Inakuja ya kijana, nyepesi, yenye haraka. Inakuja ya mmoja ambaye hukata katikati, kana kwamba maji yamemfika mdomoni, anangoja, kisha anaendelea. Ya Alphonse ni ya polepole. Wanapokezana bila kugombana, kama walivyoniambia.

Nimekwisha wajua wote sasa. Nasikiliza mpaka wanamaliza mzunguko na kuanza upya, nikiingojea zamu ya Sephora, na zamu yake haifiki.